Namna ya kuisoma Tsukihime mpya bila kuiharakisha

Tsukihime ni riwaya ya kusomwa kwenye skrini: maandishi hupita juu ya picha na muziki, na kila baada ya muda msomaji humchagulia mhusika la kufanya. Kundi la Type-Moon liliitoa Desemba 2000, Kinoko Nasu akiwa mwandishi na Takashi Takeuchi mchoraji. Toleo lililoundwa upya, ambalo sasa lina sauti za waigizaji, lilitoka Japani Agosti 2021 na kwa Kiingereza Juni 2024, kwa mashine za michezo za Nintendo Switch na PlayStation 4.

Kwa msomaji wa Mbeya ninashauri Switch, kwa sababu umeme ukikatika jioni ya mvua ataendelea kusoma kwa chaji iliyobaki, ilhali mwenye PlayStation hulazimika kusubiri urudi. Riwaya ikishapakuliwa yote, hutahitaji bando ili kuisoma.

Hadithi imegawanyika katika njia, kila moja ikimhusu zaidi mhusika mmoja wa kike. Utaanza na njia ya Arcueid, kwani ya Ciel hufunguka baada ya hiyo kumalizika. Njia za Akiha, Hisui na Kohaku, zilizokuwamo mwaka 2000, hazimo humu. Usipoteze muda kuzitafuta.

Jambo linalowakatisha tamaa wengi ni kufa. Shiki, mhusika mkuu, kijana anayeona mistari ya kifo katika kila kitu na kuizuia kwa miwani, huangamia kwa uamuzi mmoja mbaya, na msomaji hudhani ameharibu kila kitu. Hajaharibu. Baada ya mwisho mbaya hufuata somo fupi la Ciel lenye dokezo la ulipokosea. Lisome lote, kisha fungua mchoro wa matukio na urudi moja kwa moja kwenye tukio unalotaka kulibadilisha. Mimi huthubutu kusema kwamba miisho hiyo mibaya ni sehemu ya hadithi, na anayeikwepa yote kwa kufuata majibu ya wengine hujinyima mengi.

Kiingereza chake ni kizito, hivyo weka kamusi na daftari karibu, na rejea maandishi yaliyopita kila unapopotea badala ya kuyarukisha. Usiku wa Juni, baridi ya Uyole inapowaingiza watu ndani mapema, saa mbili za kusoma zinatosha. Damu imo kwa wingi, kwa hiyo subiri watoto walale. Ukimaliza njia ya Arcueid, pumzika siku mbili tatu kabla ya kuanza ya Ciel.