Kabla hujaifuta vumbi ndege yako ya modeli

Katika kabati langu, kila kilichovunjika kilivunjika siku ya kusafisha. Ndiyo maana siku hizi naandaa meza kwa muda mrefu kuliko ninavyofuta vumbi lenyewe.

Kwanza ijue modeli yako. Boeing 787-8, kama zile za Air Tanzania na Kenya Airways, ina urefu wa mita 56.7, lakini modeli yake ya uwiano wa 1:400, yaani iliyopunguzwa mara 400, inabaki sentimita 14 hivi. Mwili ni wa aloi ya zinki, mzito mkononi, na uzito huo unadanganya. Unadhani umeshika chuma kitupu, kumbe mgongoni kuna antena ndogo kuliko punje ya mchele, na chini kuna miguu ya magurudumu myembamba kama pini. Chukua simu uipige picha juu, chini na ubavuni. Kikidondoka kitu, picha itakuonyesha kilikaa wapi na kilielekea upande gani.

Zima feni. Meza itandike shuka jeupe kuukuu. Taulo halifai, lina vitanzi: langu liling'oa antena ya 747 nilipoilaza ubavu, nikaitafuta kwa tochi karibu nusu saa. Kanga nayo ni laini, lakini maua yake yatakificha kilichoanguka.

Halafu fikiria vumbi lenyewe, hasa kama nyumba iko karibu na barabara isiyo na lami. Ndani yake mna chembe za mchanga. Ukilisugua kavu kwa kitambaa, zinageuka msasa, na cha kwanza kuchubuka ni nembo na madirisha, kwa sababu yamechapwa juu ya rangi. Kwa hiyo tafuta mapema kipulizio cha mpira, kile wapiga picha wanachopulizia lenzi, pamoja na brashi pana ya kupakia poda. Iwe mpya, iliyokwisha kugusa vipodozi ina mafuta. Kwa injini, brashi ndogo ya kuchorea inatosha. Hewa ya kopo siipendi: kopo likiinama kidogo hutema kimiminika baridi sana juu ya rangi. Kupuliza kwa mdomo nako huleta mate.

Doa lililoganda litahitaji pamba ya kijiti iliyoloweshwa kidogo kwa maji yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea kwenye betri ya gari. Soma lebo vizuri, usije ukanunua asidi. Spiriti na dawa ya kusafishia vioo zisikaribie meza kabisa.

Osha mikono, ikauke, vua pete na saa. Glovu za pamba hunasa kwenye antena, heri zile nyembamba za hospitali zisizo na poda. Kabla ya kuinyanyua ndege, amua vidole vitakaa wapi: tumboni, pale mbawa zinapoungana na mwili. Mkia, injini na ncha za mbawa si mahali pa kushikia.

Kibano na gundi nyeupe ya mbao viwe mezani tangu mwanzo, pamoja na kisahani cha kuwekea kilichong'oka. Supaglu iache. Mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya rangi, na ukungu huo hautoki kwa brashi.