Mashine ya Kuosha Vyombo Inapodai Inavuja: Anza na Trei ya Chini

Dalili zake ni rahisi kuzitambua. Mashine inasimama katikati ya kazi, inakataa kuvuta maji, na pampu ya kutoa maji machafu inanguruma bila kukoma. Kwenye kioo zinatokea herufi: E15 kwa Bosch na Siemens, i30 kwa AEG na Electrolux, LC kwa Samsung, AE kwa LG (nyingine za LG huandika E1). Maana ni ileile: kihisi kilichoko chini kabisa ya mashine kimegusa maji mahali pasipotakiwa kuwa na maji.

Kishawishi cha kwanza ni kununua kihisi kipya, au mbaya zaidi, kuziunganisha nyaya zake ili kisilalamike tena. Usifanye lolote kati ya hayo kabla hujajibu swali moja: trei ya chini ina maji, au ni kavu? Ikiwa na maji, kihisi kimefanya kazi yake vizuri na ubovu uko kwingine. Ikiwa kavu, hapo ndipo kihisi chenyewe kinashukiwa.

Kihisi ni cha aina mbili. Cha kwanza ni boya jepesi jeupe la povu gumu, kama lile la kufungia runinga kwenye katoni, lililokaa juu ya trei. Maji yakijaa kidogo, boya huelea na kusukuma swichi ndogo iliyo juu yake. Aina hii ndiyo ya Bosch na nyingi za Ulaya, zikiwemo za mitumba zinazotoka Uingereza. Cha pili hakina kitu kinachosogea: ni vipini viwili vya chuma vilivyo karibu na sakafu ya trei, na maji yakiviunganisha umeme hafifu hupita na mashine hujizima. Hiki hudanganyika kwa urahisi zaidi, kwa sababu utando wa sabuni au kutu kati ya vipini unaweza kupitisha umeme hata trei ikikauka.

Kufika kwenye trei

Zima soketi, chomoa plagi, kisha funga koki ya maji. Kama plagi imefichwa nyuma ya kabati, zima kwenye swichi kuu ya nyumba. Umeme wetu wa Kenya ni volti 240 na utakuwa ukiweka mikono kwenye maji, kwa hiyo kubonyeza kitufe cha mashine pekee hakutoshi. Vaa glavu pia. Kingo za bati la chini hukata.

Ondoa ubao wa chini mbele ya mashine. Kwenye Bosch skrubu zake ni za umbo la nyota, saizi T20. Nyingine hutumia bisibisi ya kawaida ya msalaba. Mulika kwa tochi. Usipoona vizuri, ivute mashine nje na ufungue bati la pembeni. Ina uzito wa kilo 35 hadi 50, kwa hiyo muwe wawili.

Kuna mbinu inayosambazwa sana ya kuinamisha mashine mbele ili maji yamwagike. Huondoa herufi kweli, lakini pia hufuta ushahidi: hutajua maji yalikuwa kiasi gani wala yalitoka upande upi. Yafyonze kwa sponji au sirinji kubwa isiyo na sindano, ukiangalia alama nyeupe za sabuni zinazoshuka kutoka juu. Mfereji huo mkavu mara nyingi huelekeza moja kwa moja kwenye kiungo kinachovuja. Kausha kwa kitambaa, acha wazi usiku kucha.

Trei ikiwa kavu na herufi hazitoki

Kwa boya: liinue kwa kidole uliachie. Linapaswa kupanda na kushuka bila kukwama, na swichi itoe mlio mdogo wa "tik". Takataka, mende waliokufa au grisi chini yake hulibakiza juu. Boya lililovunjika au kunyonya maji nalo halitegemeki.

Chomoa kiungo cha nyaya, weka maltimita kwenye kipimo cha omu, gusa vipini viwili vya swichi. Mashine nyingine hutumia swichi inayofungika boya likipanda, nyingine inayofunguka, kwa hiyo usitafute namba fulani; tafuta mabadiliko. Boya likiwa katika hali moja mita isome chini ya omu 1, katika hali nyingine isione njia kabisa. Kama haibadiliki, au inayumba ukitikisa waya, swichi imekufa.

Kwa kihisi cha vipini, kitoe, kisugue kwa mswaki wa zamani na spiriti, kisha kikauke. Pima: kikiwa kikavu, mita isione njia. Weka kitambaa chenye maji ya chumvi kati ya vipini na usomaji ushuke wazi. Kikipita vipimo vyote viwili, kagua kiungo cha nyaya. Ukijani kwenye shaba ni kutu, na hapo ndipo penye tatizo.

Trei ikiwa na maji

Hapa ndipo pa kutumia muda. Kausha kila kitu, tandaza karatasi za tishu chini ya kila kiungo, kisha mwaga ndani ya mashine lita 2 za maji yaliyotiwa rangi nyekundu ya chakula. Usiiwashe. Subiri saa moja. Tishu zikiwa nyekundu, maji yanatoka bila msukumo wowote: kagua raba ya kisima cha chini (shimo linalokusanya maji ndani ya mashine), sili ya pampu na kiungo cha mpira wa kutoa maji.

Zikibaki kavu, rudisha mabati yote uliyofungua, washa umeme na maji, endesha mzunguko mfupi, na kaa karibu na tochi ukimulika chini ya ubao wa mbele. Usiingize mkono. Wakati ambao tone la kwanza linaonekana ndio jibu lako. Likija wakati wa kuvuta maji, tena halina rangi, kosa liko kwenye vali ya kuingizia maji au mpira wake. Likija mashine inapoosha, shuku raba ya mlango, mkono wa kunyunyizia uliopasuka unaopiga maji mlangoni, au mipira ya pampu ya mzunguko. Likija inapomwaga, kagua mpira wa kutoa maji urefu wake wote. Panya hupenda kuutafuna pale unapopita nyuma ya kabati, na tundu dogo la jino halionekani mpaka uukunje.

Kuna chanzo kimoja kinachopita bila kutambuliwa: povu. Dawa ya vidonge ikiisha, mtu humimina sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono. Povu hujaa, hupenya mlangoni na kushuka kwenye trei, ingawa hakuna kilichovunjika. Kisumu hali huwa mbaya zaidi kwa sababu maji ya Ziwa Victoria, yale yanayosafishwa Dunga, yana madini machache, na maji laini hutoa povu upesi. Huko punguza dawa na uweke kipimo cha kulainisha maji kwenye ngazi ya chini kabisa. Povu likishaingia, mwaga kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia ndani, toa maji, kisha suuza mara mbili bila sabuni. Nakuru, wenye maji ya visima hulaumu floraidi kwa kila kitu. Kwa meno ni jambo la kuangaliwa, lakini haivujishi mashine.

Angalia pia kama mashine imekaa sawa. Weka pimamaji juu yake. Ikiinamia mbele, maji huegemea mlango. Kifuniko cha tangi la chumvi kikaze, na raba yake isiwe na punje.

Mpira wenye kisanduku upande wa koki

Mipira mingi ya kuingizia maji ina kisanduku kinene cha plastiki kwenye koki. Vingine vina vali ya umeme ndani na nyaya zinazopita kwenye mpira wenyewe. Usiukate huo ili kuurefusha, hata kama koki yako iko mbali, sogeza koki. Vingine ni vya kimakanika, vyenye kidirisha kinachogeuka chekundu kikishafunga. Kikishakuwa chekundu hakirudi. Mpira hubadilishwa mzima.

Na kama maji yako yanashuka kutoka kwenye tangi la paa, kumbuka kwamba kila mita 10 za urefu hutoa takriban baa 1. Tangi lililo mita 3 juu ya koki hutoa baa 0.3, wakati mashine nyingi zinadai angalau 0.5. Hilo huleta kosa la kutojaa maji, ambalo herufi zake ni tofauti, kwa hiyo linganisha na kitabu cha mashine kabla hujafungua skrubu hata moja.

Unapoagiza kihisi, pampu au raba, nakili namba ndefu ya modeli iliyobandikwa kwenye ukingo wa mlango. Kwa Bosch ni ile iitwayo E-Nr., na tarakimu baada ya mkwaju zimo. Mashine mbili zinazofanana kwa sura huweza kuwa na swichi zisizooana. Baada ya kufunga kipuri, tandika tishu mpya kwenye trei, osha mzunguko mmoja wa moto bila vyombo, na uzikague kabla ya kurudisha ubao wa chini.