Namna ya kuisoma ngao ya askofu wa Kianglikana

Wageni kutoka nyumbani ninaowatembeza hapa Canterbury hawaachi kuzipiga picha ngao za maaskofu, yaani nembo zao zilizochorwa kwa umbo la ngao, kisha huniuliza, "Mama, hii maana yake nini?" Huwafundisha hivi.

Anza juu. Watu wa koo kubwa huweka kofia ya chuma ya vitani juu ya ngao zao. Askofu huweka mitra, kofia yake ya ibada. Ukiona mitra imechomoza ndani ya taji, hiyo ni Durham, ambako maaskofu walikuwa na mamlaka ya kitawala hadi 1836.

Sasa shuka kwenye ngao yenyewe. Mara nyingi imegawanywa katikati, juu mpaka chini, na hapa wengi hukosea. Kulia na kushoto ni kwa yule aliyeishika ngao, si kwako unayeitazama. Kwa hiyo kulia, upande wa heshima, kuko mkono wako wa kushoto. Huo ni wa dayosisi. Wa pili ndio wa askofu mwenyewe. Mume na mke nao huunganisha ngao zao vivyo hivyo, mume akikaa upande wa heshima. Basi dayosisi imekaa mahali pa mume, na askofu, hata awe nani, amekaa mahali pa mke. Hilo hunigusa kila mara. Akistaafu, ile nusu ya ngao iliyo ya dayosisi humngojea askofu mwingine.

Upande wa dayosisi, mtafute mtakatifu wa kanisa kuu lake. Panga mbili zilizopishana kwenye nyekundu ni London: Paulo aliuawa kwa upanga. Funguo mbili chini ya taji ni York, funguo za Petro. Ya Canterbury ina kitu kama herufi Y nyeupe kwenye buluu. Ni palio, ukanda wa sufu ambao Papa huwavisha maaskofu wakuu. Tangu Kanisa la Uingereza kutengana na Roma hauletwi tena, lakini ngao haikuuacha. Sogea karibu uione misalaba yake minne myeusi: mguu wa kila mmoja umechongoka kama msumari.

Upande wa askofu, litamke kwanza jina lake. Hugh Oldham, askofu wa Exeter hadi 1519, kabla ya kutengana huko, aliweka bundi watatu. Kwa Kiingereza bundi ni "owl". Ukifika Exeter, ingia kikanisa chake ndani ya kanisa kuu. Kuta zimejaa bundi wa kuchongwa, na yuko aliyeshika utepe mdomoni, umeandikwa "dom". Owl, dom: Oldham.