Kumkamulia mtoto maziwa kwa mkono, ukiwa mama wa kibarua

Mwanangu wa pili alikuwa na wiki saba niliporudi kusafisha nyumba za watu. Likizo ya uzazi wanayo wenye mikataba. Sisi wa kutwa, usipokwenda hulipwi. Siku ya kwanza, saa tano asubuhi blauzi ilishalowa mpaka tumboni na matiti yamekaza kama mawe. Mwenye nyumba akanionyesha choo, eti nikakamulie huko. Pampu sikuwa nayo. Nikatumia mkono, na mpaka leo nawafundisha wenzangu mkono.

Anza kujizoeza wiki moja au mbili kabla ya kurudi kazini. Nawa kwa sabuni. Chukua kikombe cha mdomo mpana kilichooshwa na kuchemshwa. Kidole gumba kikae juu ya titi, cha shahada chini yake, sentimita mbili tatu nyuma ya chuchu. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, ndipo ubane, kisha achia. Sukuma, bana, achia. Chuchu yenyewe usiivute, wala vidole visiteleze juu ya ngozi. Hapo ndipo wengi wanapojichubua wakaapa hawarudii. Mwanzoni utapata vitone tu. Endelea, maziwa yatashuka na kuanza kuruka. Yakipungua, zungusha vidole ukamue upande mwingine, kisha hamia titi la pili, halafu rudi tena la kwanza. Nusu saa inatosha. Mimi nilikuwa nabeba kitambaa alicholalia mtoto. Nikikinusa, yanashuka haraka.

Yafunike, yaweke penye ubaridi. Nje ya friji yasikae zaidi ya muda wa saa nne. Kwenye friji, siku nne. Ukikuta mafuta yameelea juu hayajaharibika, zungusha chombo taratibu. Kuyapasha, simamisha chombo ndani ya maji ya moto, usiyachemshe. Na kazini kama huna pa kuyahifadhi, kamua umwage. Inauma, najua, ila titi lisilokamuliwa linapunguza kutengeneza, tena linaweza kuziba likavimba. Likiwa jekundu, la moto, na una homa, nenda kliniki huku ukiendelea kunyonyesha.

Anayebaki na mtoto atumie kikombe kidogo badala ya chupa, maana chupa ni ngumu kuisafisha. Mtoto akae wima, ukingo uguse mdomo wa chini, maziwa yafike kwenye midomo tu. Atayaramba mwenyewe. Asimiminiwe.

Jambo ambalo mimi sikuambiwa: kunyonyesha kunazuia mimba pale tu mtoto hajafika miezi sita, hedhi haijarudi, na ananyonya titi tu usiku na mchana. Moja likikosekana, kinga imelegea. Ukishinda kazini, hata kama unakamua, usiitegemee. Mimi niliitegemea, wa pili hajatimiza miezi mitano, wa tatu yumo tumboni.

Kwa hiyo nenda ukaulizie uzazi wa mpango kabla hujaanza kazi. Vijiti, kitanzi na vidonge vya homoni moja vinaendana na kunyonyesha. Sindano kwa kawaida husubiri wiki sita. Vidonge vya homoni mbili vinaweza kupunguza maziwa, vingoje mtoto apite miezi sita. Ukikaa mbele ya nesi, neno la kwanza liwe "nanyonyesha", hata kama hajakuuliza.