Ukipata sarafu iliyokosewa kiwandani, we usiioshe tu

Mi natafutia kwenye chenji za matatu, sinunui kwa mtu. Kuna makanga tumezoeana hapa Mombasa, ananipa kopo la bob 5, 10 na 20 nampa noti, naenda kumwaga kwa kitambaa juu ya meza.

Hatua ya 1. Washa taa ya mezani iangaze kwa ubavu, maana taa ya juu inaficha mambo. Zigeuze moja moja. Angalia picha iliyosogea ikaacha nafasi tupu, picha ya upande wa nyuma iliyozunguka ikatoka kwenye mkao wake (linganisha na nyingine ya mwaka huohuo), ukingo ulioliwa kama mwezi mwandamo, na kwa zile za metali mbili cheki kama kiini cha kati kimekaa sawa. Na jamani, senti 10 ya East Africa ya babu yenye tundu si kosa, zilitengenezwa hivyo, msiuziwe.

Hatua ya 2. Hapa ndo tunapigwa. Ule ukingo ulioliwa unatokea pale mashine inapokata vipande kwa bamba halafu inarudi kukata palepale penye shimo, sasa mtu na tupa yake anaweza kuigiza akiwa kibandani. Tazama upande ulio mkabala na pengo: kwa ya kweli mara nyingi ukingo wa huko umefifia, kwa sababu wakati wa kuinua ukingo mashine haikupata kitu cha kukandamizia, wakusanyaji wanaita alama ya Blakesley. Na herufi zilizo karibu na pengo huwa zimevutika, hazijakatwa tu kama kwa kisu. Kisha mpelekee sonara akupimie kwa mizani yake, uzito unapungua kulingana na pengo, andika namba.

Hatua ya 3, usisafishe. Ya kwanza yangu niliisugua na ndimu na baking soda ikang'aa kama sufuria ya harusi, nikampelekea mzee mmoja anayekusanya akaiangalia sekunde mbili akanirudishia. Ile ngozi ya juu ikishatoka hairudi. Kama ina mafuta au gundi, itumbukize kwa asetoni tupu ndani ya glasi, mbali na jiko, itoe uiache ikauke bila kufuta. Ile ya kutolea rangi ya kucha yenye manukato hapana.

Hatua ya 4. Shika ukingoni tu. Plastiki laini inayonuka kama koti jipya la mvua ni PVC, itakuachia ute wa kijani, tafuta vifuko vya plastiki ya polyesta. Raba bendi nazo zina salfa, zinachafua. Kwetu pwani hewa ina chumvi, so naweka kwa kopo linalofunga kabisa na vile vipakti vya silika vya kwa boksi la viatu, nabadilisha msimu wa masika. Lebo (tarehe, uliipata wapi, uzito) andika kabla hujaingiza sarafu, peni ikikandamiza juu yake inachora.