Likizo Ndefu ya Mwalimu: Kupanga Vitabu na Sinema Bila Kuigeuza Muhula Mwingine

Shule ikifungwa kwa kiangazi, mwalimu hupata kitu ambacho waajiriwa wengi hawakipati: wiki sita hadi nane mfululizo bila kengele. Wiki hizo hupotea kwa njia mbili. Ama kazi ya shule inajipenyeza kila asubuhi hadi inazimaliza, ama zinapita tu, na siku ya kufungua inakuta rundo la vitabu liko palepale na filamu iliyosubiriwa imeshaondolewa ukumbini. Ratiba kali haisaidii. Anayejipangia mapumziko kwa vipindi vya dakika arobaini huivunja ratiba hiyo kabla ya wiki ya pili, maana ndiyo hasa aliyokuwa anaikimbia. Kinachofaa ni mipaka michache isiyo na utata, pamoja na hesabu ya kweli ya saa zilizopo.

Funga kazi kabla ya kufunga mlango

Usahihishaji uliobaki umalizie shuleni, hata ikibidi kuchelewa kutoka siku mbili. Madaftari yakishafika nyumbani hayasahihishwi wala hayasahauliki. Vitabu vya kiada, maazimio ya kazi na vitini viingie kwenye sanduku moja, na sanduku likae mahali ambapo hulioni ukiwa kwenye kiti chako cha kusomea. Kisha andika kwenye karatasi moja mambo yatakayohitajika shule ikifunguliwa, yasizidi matano, na juu yake tarehe ya kuanza kuyashughulikia. Wazo la darasa likikuamsha usiku, utajua limeshaandikwa na utalala.

Tarehe hiyo iwe ndani ya siku kumi za mwisho. Wapo wanaoona heri kufanya kazi ya shule kwa saa moja kila siku, ili isirundikane. Kwa maandishi inapendeza. Ubaya wake ni kwamba saa hiyo ina mkia: ukishaandika andalio la somo asubuhi, akili inaendelea kulipanga hadi mchana, na kila siku ya likizo inakuwa nusu siku ya kazi. Siku kumi za kazi mfululizo zinachosha, lakini zinaziacha wiki nyingine zikiwa huru kabisa. Makundi ya simu ya kazini yanyamazishe, uyapitie mara moja kwa wiki, siku ileile.

Wiki ya kwanza usiidai chochote

Siku tatu au nne za mwanzo lala unavyotaka. Baada ya hapo chagua saa ya kuamka na uishike, usiipite kwa zaidi ya saa moja hata kama filamu ya jana ilikuchelewesha. Saa ya kulala ikiyumba si neno. Saa ya kuamka ikihama ndipo mwili mzima unapohamia usiku, na asubuhi, iliyo bora kwa kusoma, inapotea.

Koo nalo lina deni la muhula mzima. Kama sauti imekwaruza, punguza kuongea, na unywe maji mara kwa mara. Kunong'ona si mapumziko, kwani nako kunaweza kuzikaza nyuzi za sauti. Sauti ikiendelea kukwaruza zaidi ya wiki tatu, muone daktari.

Kosa kubwa la wiki hii ni kuanza na kitabu kizito. Aliyetoka kusahihisha amezoea kusoma vipande vifupi kwa haraka, akitafuta kosa na kutoa alama. Akifungua riwaya nene, jicho linaruka mistari kwa mazoea yaleyale. Kurasa ishirini baadaye hakumbuki kitu, anadhani kitabu kibaya au yeye amezeeka. Anza na hadithi fupi, moja kwa siku, au riwaya ya upelelezi inayokwenda mbio. Jicho hutulia baada ya siku chache.

Hesabu ya kurasa

Karibu kila mwalimu hupanga vitabu kumi na viwili na kumaliza vitatu. Tatizo ni hesabu, si uvivu. Soma kwa dakika kumi kitabu cha aina unayokusudia, hesabu kurasa, zidisha kwa sita. Kurasa tano ndani ya dakika kumi ni kurasa thelathini kwa saa. Ukisoma saa moja kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki saba, una saa 42, yaani kurasa 1,260. Hivyo ni vitabu vinne vya kurasa 300 na akiba kidogo. Ukitaka vinane, ongeza saa ya pili. Ukitaka kumi na viwili, tafuta ya tatu, na hapo ni lazima kitu kingine cha nyumbani kisifanyike.

Kwa lengo la vitabu vinne, andaa sita, kwa kuwa viwili vitakushinda au kukuchosha. Kimoja kiwe kinene, kile unachokitaja kila mwaka. Viwili viwe vyepesi. Kimoja kiwe nje kabisa ya somo unalofundisha: mwalimu wa fizikia achukue historia, mwalimu wa lugha achukue kitabu cha ndege au bahari. Cha tano kiwe diwani au mkusanyo wa hadithi fupi, kwa siku zilizokatikakatika. Cha sita usikichague sasa. Acha nafasi ya kitakachokudondokea mkononi.

Kuacha kitabu njiani ni haki yako. Mkutubi wa Marekani Nancy Pearl ana kanuni inayosaidia: kipe kitabu kurasa 50, na ukishavuka umri wa miaka 50, toa umri wako kwenye 100 upate idadi ya kurasa unazokidai. Mwenye miaka 58 anatosheka na kurasa 42. Walimu hupata shida sana hapa, kwa sababu mwaka mzima wamewakataza wanafunzi kuacha kitabu katikati.

Vitabu vya maktaba visiazimwe vyote kwa mkupuo, kwani vitadaiwa siku moja. Azima viwili, na wiki moja baadaye viwili vingine. Kinachogombewa kiwekee nafasi kabla shule haijafungwa, maana foleni yake huenda ikawa ndefu kuliko likizo.

Kusoma bila kalamu nyekundu

Adui wa mwalimu anayesoma kwa raha ni wazo hili: kifungu hiki kingefaa kidato cha pili. Likikujia, umeshaacha kusoma na kuanza kuandaa. Ukilifukuza haliondoki. Tumia kadi moja ngumu kama alamisho. Wazo likija, andika namba ya ukurasa na maneno mawili, uendelee. Usipige mstari kitabuni wala usiende kuchukua daftari. Siku kumi za mwisho zikifika, zipitie kadi zote kwa mkao mmoja, nyingi utazitupa. Upande wa nyuma wa kadi unafaa kwa majina ya wahusika, hasa riwaya yenye koo mbili tatu na watu wanaoitana kwa majina ya utani.

Muda mzuri ni asubuhi, baada ya kifungua kinywa na kabla ya kufungua simu. Simu ikae chumba kingine. Ikiwa mezani imefunikwa bado inakuita. Soma ukiwa umekaa. Kitandani mchana wa joto, kurasa saba zinatosha kukulaza, na hiyo ihesabu kuwa ni usingizi. Ukimaliza saa yako, acha katikati ya tukio badala ya mwisho wa sura. Kesho utajua pa kuanzia na utakuwa na hamu.

Ukisomea nje, skrini ya simu au kishikwambi haisomeki vizuri juani, na kifaa chenyewe kinaweza kupata joto hadi kikajizima. Visomaji vya wino wa kielektroniki havina shida hiyo ya mwanga, kwani huakisi nuru kama karatasi. Kitabu chenye jalada laini usikiache ndani ya gari lililofungwa: gundi ya mgongo hulainika kwa joto, ukikifungua kurasa zinachomoka moja moja. Mafuta ya kujikinga na jua nayo huacha madoa yasiyotoka.

Vitabu vya kusikiliza ni vya kufua, kupika na kutembea. Riwaya ya kurasa 300 huchukua takriban saa nane hadi kumi. Kasi ikizidi moja na robo, mazungumzo ya wahusika yanaanza kuchekesha pasipostahili.

Sinema: ipi kwanza, lini, na kiti gani

Likizo inakupa kitu ambacho muhula hauwezi, nacho ni alasiri za katikati ya wiki. Onyesho la saa nane mchana siku ya Jumanne au Jumatano huwa na watu wachache, na kumbi nyingi hutoza nafuu kwa maonyesho ya mchana. Jambo la pili halisemwi sana: wanafunzi wako wako likizo pia. Hujaa kwenye filamu kubwa wikiendi yake ya kwanza. Kama hutaki kuamkiwa "shikamoo mwalimu" ukiwa na bisi mdomoni, jua pa kutokwenda.

Utaratibu wa kuchagua ni kinyume cha wengi wanavyofanya. Filamu kubwa ya kiangazi itakaa ukumbini wiki kadhaa, kwa hiyo ingoje hadi wiki ya pili au ya tatu, viti vikipungua watu. Filamu ndogo, ya lugha nyingine au ya makala, inaweza kuondolewa baada ya wiki moja ikikosa watazamaji, na ikiendelea huenda ikabakiziwa onyesho moja la saa isiyofaa. Hiyo ndiyo ya kukimbilia. Kumbi hubadilisha ratiba kila wiki. Tafuta siku ratiba mpya inapotoka, uitazame siku hiyohiyo.

Muda unaotangazwa ni wa filamu peke yake. Kabla yake kuna matangazo na vionjo vya filamu zijazo, na dakika 15 hadi 20 ni kawaida. Filamu ya saa mbili na dakika ishirini inakula saa tatu ukihesabu kuingia na kutoka. Ukitaka kutazama mbili kwa siku, acha angalau dakika 45 kati yake, la sivyo mwisho wa kwanza utauangalia ukiwa na jicho kwenye saa. Kwa wiki, mbili zinatosha; ya tatu huwa inapunguza ya kwanza.

Kiti kizuri kiko katikati ya safu, takriban theluthi mbili kutoka kwenye skrini kurudi nyuma. Mafundi wa sauti hupimia vipaza sauti karibu na eneo hilo, na skrini inajaza macho bila kukugeuza shingo. Safu tatu za mbele hukulazimisha kuinua kidevu muda wote. Pembeni kabisa, spika ya ukutani inazifunika nyingine na unasikia mvua bila mazungumzo. Filamu ikiwa na tafsiri iliyoandikwa chini ya skrini, chagua safu yenye njia ya kupita mbele yake, kwani kichwa kimoja kirefu kinatosha kukunyima nusu ya maneno. Filamu za miwani ya pande tatu (3D) hupunguza mwanga wa picha, na kwa wengine huleta maumivu ya kichwa. Kama macho yamechoka na usahihishaji, chukua onyesho la kawaida.

Beba sweta hata siku ya joto kali. Kiyoyozi cha ukumbi usio na watu kinauma, na baridi huanza saa ya pili, wakati huwezi kutoka. Simu izime kabisa, usiinyamazishe tu. Mwanga wake ndio unaowaudhi wa nyuma. Maonyesho ya uwanjani huhitaji giza, kwa hiyo nchi ambazo jua la kiangazi linachelewa kuzama, filamu inaweza kuanza saa nne usiku. Lala kidogo mchana siku hiyo.

Kitabu kwanza au filamu?

Ukurasa mmoja wa mswada wa filamu hukadiriwa kuwa dakika moja ya picha. Filamu ya saa mbili basi ina kurasa kama 120, zenye nafasi nyingi nyeupe. Riwaya ya kurasa 350 itakuchukua karibu saa kumi na mbili. Anayetoka ukumbini akilalamika kuwa "wameruka mengi" analalamikia hesabu.

Kama mshangao wa kisa ndio utamu wake, soma kwanza, kisha uache wiki mbili zipite kabla ya kwenda ukumbini. Ukienda kesho yake utakaa unasahihisha filamu kwa kitabu. Lakini riwaya nene inayokutisha, yenye watu wengi, hakuna aibu kuanza na filamu: itakupa sura za kuyashikilia majina, na kitabu kitashuka kwa wepesi. Hadithi ya kurasa mia moja isome jioni ileile ukitoka kuitazama.

Weka daftari dogo lenye tarehe, jina na sentensi moja kwa kila kitabu na filamu. Nyota na alama achana nazo. Umetoa alama za kutosha mwaka huu.

Siku kumi za mwisho

Rudisha saa ya kuamka nyuma kwa dakika 15 hadi 20 kila siku. Saa nzima hurudi ndani ya siku tatu au nne. Fungua sanduku na ile karatasi ya mambo matano, fanya kazi asubuhi, na mchana umalizie kitabu ulichonacho badala ya kuanza kipya kinene. Kitabu cha maktaba ambacho hutakimaliza kirudishe kabla ya kufungua, maana wiki ya kwanza ya muhula hakuna anayekumbuka tarehe za kurudisha. Kwenye mkoba wa shule tia kile cha hadithi fupi: hadithi ya kurasa kumi inaenea kwenye mapumziko ya mchana, kama huna zamu.