Somo: Gari la rali lisionekane limeegeshwa

Tangu Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, wengi tunatoka Naivasha na picha za aina moja: gari kali, lakini limetulia kama liko sheli. Kosa ni kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga. Kwa 1/2000 ya sekunde hata gurudumu linaganda, spoku unazihesabu.

1. Zungusha kitufe cha modi hadi S au Tv (jina hutegemea kamera), modi ya kuchagua mwenyewe kasi ya shata, uanze na 1/250. Ukizoea, shuka 1/125, kisha 1/60. ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, iwe 100, maana jua la Kedong, moja ya njia za mashindano huko Naivasha, si la mchezo.

2. Fokasi iwe ya kufuata kitu kinachotembea, AF-C au AI Servo kutegemea kamera yako.

3. Hapa ndipo penye kazi: kulifuata gari kwa kamera, ili lenyewe litoke kali na nyuma yake pachore michirizi ya mwendo. Elekeza miguu pale utakapolipigia gari, kisha geuza kiuno ulipokee tangu linapotokea. Viwiko bana mbavuni. Shika alama moja. Mimi hushika namba ya mlangoni. Bonyeza taratibu huku unazunguka, na uendelee kuzunguka hata shata ikishafunga. Ukisimama unapobonyeza, picha imeharibika. Mimi nilijifunzia kwa bodaboda zinazopita nje kwetu, jioni baada ya jioni, mpaka mwili ukazoea.

4. Likija uso kwa uso, rudi 1/1000. Hapo mwendo unaonyeshwa na vumbi.

Vumbi lenyewe, fesh-fesh, ni laini kama unga wa ngano. Simama upande upepo unakotokea, na lenzi usiibadilishe hapo kabisa.

MASWALI

Mwalimu, kati ya picha thelathini nimepata mbili tu. Nakosea wapi?

Hukosei, dada, 1/60 ni ngumu. Zitazame zilizoharibika: michirizi kwenye gari lenyewe ikipanda na kushuka, ni mikono yako. Ikiwa ya mlalo, kasi yako na ya gari hazikulingana.

Kaka, kitulizi cha lenzi, kile kinachopunguza mtikisiko, nikizime?

Kama kina modi ya pili, iweke hiyo, inaachia mzunguko wa pembeni. Kama hakina, jaribu kukizima.

Kwenye kona nikae wapi?

Upande wa ndani, juu kwenye mwinuko, nyuma ya utepe, pale mashali, wasimamizi wa usalama njiani, walipokuruhusu. Gari likishindwa kukata kona, mara nyingi hutokea upande wa nje. Tena ukiwa ndani gari linakuzunguka, umbali haubadiliki sana, na fokasi inashika vizuri zaidi.